Mlima Uliozidi Everest

Mtu aliyejenga milima mingi kuliko yeyote katika karakana ya vifaa vya kufundishia hakuwahi kupanda hata mmoja. Magoti yake yalikuwa mabovu, na kusema kweli hamu hiyo hakuwa nayo. Milima yake ilianzia mezani na kuishia mezani, chini ya taa yenye shingo ndefu, katikati ya harufu ya gundi. Wenzake walimwita Mzee Tabaka, na jina likamkaa hadi mkewe naye akawa analitumia anapokasirika.

Jina lilitokana na kazi. Anachukua ramani yenye kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Anakata kadibodi kwa kufuata mstari wa chini kabisa, halafu nyingine kwa kufuata mstari wa juu yake, kisha nyingine tena, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Anazibandika moja juu ya moja, na mlima unajiinua wenyewe. Mwishoni anapaka plasta nyembamba kuziba ngazi zilizobaki, anapiga msasa, na ukiuangalia huwezi tena kujua kwamba ndani ni kadibodi tupu.

Kadibodi za karakana hiyo zilikuwa na unene wa milimita mbili. Zilikuwa hivyo tangu alipoajiriwa akiwa na nywele nyeusi. Ndiyo maana Mzee Tabaka hakuwa na desturi ya kupima kimo cha mlima aliomaliza. Alihesabu tabaka. Tabaka zikitimia, mlima umetimia. Wanagenzi waliopita mikononi mwake wakichomoa rula, aliwaambia wairudishe mfukoni.

"Hesabu," alikuwa akisema. "Rula inatetemeka. Hesabu haitetemeki."

Kazi tunayoizungumzia ilikuwa ya mwisho kwake. Karakana ilikuwa inapokea mashine ya kugandamiza plastiki, ambayo ingetoa milima mia moja kwa siku, na yeye alikuwa anastaafu mwezi uleule. Meza yake ndefu ilikuwa imeshapigwa chaki mguuni, ishara ya vitu vinavyotolewa nje. Kazi hiyo aliiomba mwenyewe, kwa sababu iliombwa na shemeji yake.

Shemeji huyu, mdogo wa mkewe, alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya wasioona. Naye mwenyewe alipoteza macho utotoni. Wanafunzi wake, alisema, walikuwa wanaijua milima mirefu kuliko yote duniani kama mtu anavyojua namba ya simu ya jirani. Everest mita 8,849. K2 mita 8,611. Kangchenjunga, Lhotse, Makalu, mpaka mita ya mwisho. Walijua kwamba Everest na jirani zake wako kwenye safu ya Himalaya, na kwamba K2 imejitenga nayo, mbali kule kaskazini-magharibi, kwenye safu ya Karakoram. Walijua yote hayo kwa mdomo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuyajua kwa mkono.

"Nataka vilele vitano, kwa kipimo kimoja, ubao mmoja," alimwambia. "Mtoto aweke kidole hapa, aweke kidole pale, ajue mwenyewe nani kamzidi nani. Sitaki waamini tu. Kuamini wameamini vya kutosha."

Mzee Tabaka alivijenga kwa vipande vitatu, kila kimoja sawa na daftari lililofunguliwa. Cha kwanza kilibeba Everest pamoja na Lhotse, iliyoungana nayo bega kwa bega, na Makalu pembeni na pande zake nne kama piramidi. Cha pili kilikuwa Kangchenjunga. Cha tatu kilikuwa K2. Vyote alivianzia kimo cha mita 4,500, kadibodi moja kwa kila mita 250. Everest ilikula tabaka kumi na saba na ncha ya plasta juu yake. K2 ilikula kumi na sita na ncha yake. Alihesabu mara tatu. Akavikaza kwa skrubu kwenye ubao, akaviacha vikauke.

Alhamisi shemeji yake alikuja kuvikagua kabla havijachukuliwa. Aliingia na fimbo yake nyeupe, akaigonga kwenye mguu wa meza.

"Shemeji, bado unaishi kwenye takataka."

"Karibu. Hizo unazokanyaga ni sehemu za Asia."

"Asia inanata." Akavuta kiti, akakunja mikono ya blauzi. "Haya. Usiniambie kitu. Ukiniambia nitahisi ulichosema."

Mzee Tabaka alisimama nyuma yake, mikono mgongoni kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Vidole vya shemeji viliingia kwenye ubao kutoka kushoto. Vilipita sakafuni, vikapata mteremko, vikapanda. Alifika kilele cha Everest, akatulia hapo, kisha akashuka kwenye mbonyeo unaouunganisha mlima huo na Lhotse, akapanda tena. Akacheka kidogo kwa pua.

"Hapa ndipo wapandaji wanapolala kabla ya kwenda juu?"

"Hapohapo."

"Pembamba hivi? Mimi nilidhani ni uwanja." Akaendelea hadi Makalu, akaizunguka pande zote nne. Akaigusa Kangchenjunga, akaivuka, akafika K2. Hapo mkono ulipanda, ukafika juu, ukakaa. Ukarudi Everest. Ukaenda K2 tena.

"Shemeji, una rula?"

"Ya nini?"

"Wewe nipe."

Alimpa. Shemeji akailaza rula kama daraja, ncha moja juu ya Everest, nyingine juu ya K2, kisha akaweka kidole katikati kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo. Akaisogeza, akaiweka tena.

"Inainama," alisema. "Inainama upande wa Everest. Ubao wako uko sawa?"

Ubao ulikuwa sawa. Mzee Tabaka aliupima kwa pimamaji, akapima na meza. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka: alichukua kipimo cha chuma, akapima mlima aliokwisha kuumaliza. K2 ilikuwa imeizidi Everest kwa milimita moja na kidogo.

"Nilihesabu," alisema.

"Sijasema hukuhesabu."

"Kumi na saba. Na huku kumi na sita."

"Basi kumi na sita zako zimenenepa."

Alisema kwa utani, lakini Mzee Tabaka alikuwa ameshainama chini ya meza. Aliokota kipande cha kadibodi ya rundo la zamani, alilojengea Everest na Kangchenjunga, akaokota na kipande cha rundo jipya, lililoletwa wakati anaanza K2. Akavibana kimoja kimoja kwenye kipimo. Cha zamani milimita mbili. Kipya milimita mbili na sehemu mbili za kumi, tofauti ya karatasi mbili za daftari. Ukizidisha mara kumi na sita, umeinua mlima wa pili duniani juu ya wa kwanza.

Alikaa juu ya ndoo ya plasta. Alikuwa ameshika kila kipande cha kadibodi hiyo kwa mikono miwili. Alikikata, akakipaka gundi, akakigandamiza. Mikono haikumwambia kitu, kwa sababu haikuulizwa.

Kwa mtu anayeona, kosa hilo lisingeleta neno. Angesoma kibandiko kinachosema Everest ndiyo kubwa, na macho yake yangetii. Lakini ubao huu ulikuwa wa watu ambao wangeupima kwa vidole, na vidole vyao vingejifunza uongo siku ya kwanza.

"Unachukuliwa lini?" aliuliza shemeji.

"Jumatatu."

"Basi tuna muda," alisema, akakunjua fimbo yake. Mzee Tabaka alipenda lile neno "tuna", ingawa alijua atakayekata ni yeye.

Alianzia stoo. Mtunza stoo aliitwa Kipokipo, kwa kuwa ukimwuliza chochote hujibu kipo, kipo, hata kama hakipo.

"Kadibodi ya zamani, ile ya milimita mbili."

"Ipo, ipo." Akamletea ile mpya.

"Hii si yenyewe."

"Mzee, kadibodi ni kadibodi. Hii ni nzuri zaidi, nene. Watu wanalalamika wakiletewa nyembamba, wewe unalalamika ukiletewa nene?"

"Kwa nini hukuniambia imebadilika?"

Kipokipo alimtazama kwa huruma ya kweli. "Nilijua unapima," alisema.

Hilo lilimchoma kuliko kama angetukanwa. Akapanda ngazi hadi ofisi ya mkuu wa karakana, kijana mwenye adabu aliyemwita mzee wangu na aliyekuwa na simu mbili, zote zikiita. Mzee Tabaka alieleza. Mkuu alisikiliza, akauliza swali moja la maana: tofauti ni kiasi gani. Aliposikia ni milimita moja na kidogo, mabega yake yakashuka kwa faraja.

"Mzee wangu, ulinitisha. Nilidhani umevunjika."

"Bora ungevunjika."

"Hebu tuwe wakweli. Wewe mwenyewe huzidishi kimo mara mbili ili milima isionekane bapa? Hilo nalo si uongo?"

"Nazidisha yote sawasawa. Aliye mrefu anabaki mrefu."

"Sawa. Basi tuweke kibandiko cha nukta nundu pale kwenye Everest. Mrefu kuliko yote. Watagusa, watasoma, wataelewa."

"Vidole vinasema hivi, kibandiko kinasema vile. Wafuate kipi?"

Mkuu alifikiri kwa uaminifu, na simu moja ikaita tena. "Kibandiko," alisema. "Ndiyo kazi ya kibandiko." Kisha akaongeza kwa upole kwamba kadibodi nyingine haitaagizwa, kwa sababu karakana haitatumia kadibodi tena, na kwamba mafundi wa mashine wataingia Jumatatu asubuhi. Hakuwa mtu mbaya. Ndilo lililomkera zaidi Mzee Tabaka: hakukuwa na mtu wa kugombana naye. Kila mtu alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za kweli, na mlima ulikuwa bado mrefu.

Alifikiria kuupiga msasa kilele. Lakini kosa halikuwa kileleni, lilikuwa limegawanyika tumbo zima, karatasi mbili mbili kuanzia chini. Ukipunguza juu tu unapata mlima uliokatwa kofia. Dawa ilikuwa moja, kuujenga upya kwa kadibodi ya zamani, na kadibodi ya zamani ilikuwa imekwisha.

Jioni hiyo, akiwa mezani nyumbani na chakula kikipoa, macho yake yalitua kwenye picha ya harusi ukutani. Aliitazama muda mrefu kiasi kwamba mkewe akalegea.

"Umekumbuka nini?"

"Nyuma yake niliweka nini?"

"Nyuma ya nini?"

"Ya picha. Niliikingia nini nyuma?"

Mkewe alimjua. Aliweka kijiko chini. "Tabaka," alisema, "usiguse picha yangu."

Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amebeba mabaki ya kadibodi kutoka kazini, na nyumba nzima ilikuwa imezibwa kwayo. Ilikuwa nyuma ya picha. Ilikuwa mgongo wa kabati la nguo, ulioliwa na mchwa ukabadilishwa. Ilikuwa chini ya droo, na kati ya chaga na godoro upande wake wa kitanda, palipokuwa panabonyea. Mkewe alikuwa amelalamika tangu watoto wadogo kwamba anaishi ndani ya boksi. Sasa boksi lilikuwa linabomolewa, na akagundua kwamba hilo nalo halitaki.

"Nguo zangu zitaangalia ukuta?"

"Nitakuwekea mbao."

"Mbao uliniahidi kabla hatujapata mtoto wa kwanza."

"Ni kwa ajili ya mdogo wako."

"Mdogo wangu ana kabati lenye mgongo," alisema. Hata hivyo, Jumamosi asubuhi alitoa nguo zake mwenyewe, akazipanga kitandani, akasimama pembeni huku amekunja mikono wakati mumewe akichomoa misumari.

Mlima una adabu moja: kadiri unavyopanda ndivyo unavyodai kidogo. Tabaka za juu za K2 zingetoka kwenye vipande vya droo, na ya mwisho haikuzidi ukucha. Shida ilikuwa chini, kwa sababu K2 haisimami kwenye uwanda. Imezungukwa na mito ya barafu na vilele vingine pande zote, na tabaka sita za kwanza zilitaka kadibodi karibu nzima nzima. Mgongo wa kabati ulitoa nne. Ya godoro ilikuwa imelaliwa. Aliipima, na siku hizo mbili alipima kila kitu, hata kisichohitaji kupimwa. Ilikuwa imebonyea ikawa nyembamba. Akaitupa ukutani.

"Uzito wako huo," alisema mkewe kutoka mlangoni. "Umeishusha Himalaya."

"Hii ni Karakoram."

"Basi nenda kailalie Karakoram leo."

Ya tano aliiunga kwa vipande vya nyuma ya picha za watoto. Ya sita ilikuwa nyuma ya picha ya harusi. Hakuiomba. Alikaa na kisu mkononi, akiangalia nafasi iliyobaki, akipanga upya vipande ambavyo havikutosha. Mkewe alikuja, akaiteremsha picha, akaichomoa kadibodi kwa kisu cha jikoni, akaiweka mbele yake.

"Ukiikata vibaya, usirudi hapa kuniomba nyingine. Sikuolewa mara mbili."

Jumapili jioni mlima ulikuwa umekauka. Aliupima mara nyingi. Ulikuwa mfupi kuliko Everest kwa milimita mbili kasoro kidogo, kama inavyotakiwa. Plasta yake haikuwa nzuri, maana ilikuwa ya kuzibia nyufa za ukuta, na upande mmoja msasa ulipita vibaya. Lakini ulikuwa na kimo chake.

Jumatatu aliuingiza ndani ya boksi, akaukumbatia kifuani, akaenda kazini mapema na bisibisi mfukoni. Meza yake haikuwepo. Pale iliposimama palikuwa na miguu minne ya vumbi na doa la gundi. Ubao nao haukuwepo.

"Ubao wa shule ya wasioona," alimwambia Kipokipo.

"Upo, upo."

"Wapi?"

"Upo shuleni. Gari lilikuwa linaelekea huko Jumamosi, mkuu akasema lisiende tupu." Kipokipo akatabasamu, akitegemea shukrani. "Tuliufunga vizuri. Hakuna hata mkwaruzo."

Alipanda basi, akashuka, akapita geti la shule bila kumsalimia vizuri mlinzi, jambo ambalo si tabia yake. Alifuata varanda yenye kamba ya kushikia ukutani mpaka darasa la shemeji. Ubao ulikuwa juu ya meza mbili zilizounganishwa. Wanafunzi walikuwa wameuzunguka, vichwa juu, mikono chini. Msichana mmoja alikuwa ameiegemeza rula kati ya vilele viwili, kidole katikati.

"Mwalimu," alisema, "K2 ndiyo ndefu. Kitabu kimekosea."

Mzee Tabaka alisimama mlangoni na boksi lake. Kile alichokimbilia kukizuia tangu Alhamisi kilikuwa kimefika kabla yake, tena kwa sauti ya mtoto aliyefanya kazi yake sawasawa.

"Kitabu hakijakosea," alisema. "Nimekosea mimi."

Mikono ikasimama. "Huyo ni shemeji yangu," alisema mwalimu, bila kugeuka. "Ndiye aliyejenga. Shemeji, njoo ueleze, usisimame hapo unapumua kama gari bovu."

Alieleza, na hakueleza vizuri. Alianza na kontua, akarudi nyuma, akaruka. Mwishowe akachomoa mfukoni vipande viwili vya kadibodi, cha zamani na kipya, akampa yule msichana wa rula. Hakusema kipi ni kipi. Msichana alivibana kati ya vidole, kimoja kulia, kimoja kushoto.

"Hiki kinene," alisema papo hapo, akampa mwenzake. Mwenzake akasema vilevile. Vikazunguka darasa zima, na hakuna aliyekosea wala aliyechukua muda. Mzee Tabaka alihisi uso unamwaka. Alitoa bisibisi.

"Naung'oa huu, naweka mzuri."

"Weka mzuri," alisema shemeji. "Huo mwingine niachie."

"Wa nini? Mbovu huo. Nataka kuuvunja."

"Hapa hapavunjwi kitu. Kila mwaka nitapata darasa jipya, na darasa jipya linaamini kila linachopewa. Nitawapa yote miwili, waniambie upi unadanganya na wamejuaje."

"Shemeji, nimebomoa nyumba kwa ajili ya kuuondoa."

"Najua. Dada amenipigia simu mara nne." Akanyoosha mkono, akaupokea mlima mpya, akaupitishia kiganja toka chini hadi juu. Pale msasa ulipopita vibaya alikwama. "Hapa pana mkwaruzo."

"Najua kuna mkwaruzo."

"Sijasema hujui."

Aliufunga mpya kwenye ubao, skrubu nne. Msichana akaweka rula yake tena, akasikiliza, akasema sasa inainamia K2. Hakuna aliyepiga makofi. Mlima wa zamani uliwekwa kwenye rafu karibu na dirisha, na kabla hajafika mlangoni alisikia mtu akiuliza unaitwaje. Kukawa na minong'ono. Kisha sauti moja ikasema: "Mlima wa Shemeji," na darasa likacheka, na mwalimu akacheka kuliko wao.

Alirudi nyumbani na boksi tupu. Mkewe alikuwa amekaa kitandani, katikati ya nguo zake zilezile, akitazama kabati, na kupitia kabati akitazama ukuta.

"Mlima umefika?"

"Umefika."

"Na ule mwingine umeuvunja?"

Mzee Tabaka alichukua rula kutoka droo isiyo na kitako, akaanza kupima kabati kwa ajili ya mbao, upana kwanza, kisha kimo, kisha kimo tena.